Makabaila Yalimiliki Ardhi

Barua ya ukaguzi ilifika Ijumaa, na kufikia Jumatatu shule nzima ilikuwa imepigwa chokaa. Mawe ya kando ya njia yalipakwa, mashina ya miti yalipakwa, na mbuzi wa mlinzi, aliyekuwa amejilalia karibu na tangi la maji, alinusurika kwa sababu aliamka mapema. Mwalimu mkuu alikuwa na imani moja hapa duniani: mkaguzi akiona cheupe, moyo wake hulainika.

Lakini safari hii barua haikugusa habari za mawe. Ilisema wakaguzi watakuja Alhamisi kuangalia somo moja tu, Historia, na kwamba kabla hawajafika, mkuu wa idara awe amewatathmini walimu walio chini yake, fomu zimejazwa, zimetiwa saini na ziko kwenye jalada.

Idara ya Historia ilikuwa na watu wawili. Ukimtoa mkuu wa idara, walimu walio chini yake walikuwa mmoja.

Mkuu wa idara alikuwa mama wa miaka hamsini na saba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na watoto walimwita Bi Wino. Si mbele yake, maana kila mtu anapenda masikio yake. Jina lilitokana na kalamu nyekundu. Bi Wino alisahihisha madaftari, akasahihisha matangazo ya ukutani, akasahihisha hata kadi ya mwaliko wa harusi ya jirani na kuirudisha kwa wenyewe ikiwa na alama sita kwa kumi. Harusini alikwenda, na alikula, lakini hakuketishwa mbele.

Yule aliyekuwa chini yake alikuwa dada wa miaka ishirini na sita. Siku aliyofika shuleni mtu alisema, "Mwiteni huyo mgeni," na jina likaganda. Mwaka wa pili sasa ulikuwa unakwisha, bado ni Mgeni. Alikuwa kwenye majaribio. Fomu ya Bi Wino ikisema ndiyo, anathibitishwa kazini. Ikisema hapana, anafunga sanduku lake na kurudi kwao. Mambo yalikuwa mepesi hivyo, na mazito hivyo.

Jumanne, kipindi cha pili, Bi Wino aliingia darasa la sita B na kukaa nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yakimtazama usoni. Alikuja kutafuta makosa, na kwa nusu saa nzima hakupata hata moja, jambo lililomkera sana. Mgeni alikuwa amechora mistari ya chaki sakafuni, akasema hii ndiyo ardhi yote iliyopo. Akamkalisha mtoto mmoja mwenye mashavu kwenye kiti cha mwalimu, wenzake wakainama "kulima", na kila aliyelima akampelekea yule wa kitini penseli moja.

"Kwa nini mnampa penseli zenu?" Mgeni akauliza.

"Kwa sababu ardhi ni yake!"

"Nani alimpa?"

Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, si wewe?" Wakacheka wote, na Mgeni akacheka nao, kisha akageukia ubao na kuandika kwa herufi kubwa: UKABAILA.

Bi Wino alipumua kama mtu wa foleni ya bombani aliyeona zamu yake imefika. Akainuka, dawati likainuka naye kidogo, likamwachia.

"Samahani, mwalimu." Alifika ubaoni, akalowesha kidole kwa ulimi, akaifuta ile A ya katikati. "Watoto, mwalimu wenu amepitiwa. Ni ukabila. U-ka-bi-la. Hii A ya ziada ilikuwa inatupeleka wapi?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa kile cha mwanzo. Mgeni alibaki na chaki hewani. Yule mtoto mwenye mashavu akauliza kutoka kitini, "Kwa hiyo sasa mimi ni kabila?" na darasa likavunjika mbavu.

"Asante, Mama," Mgeni alisema.

"Si kitu, mwanangu. Kukosea ndiko kujifunza."

Wakati wa mapumziko Mgeni alimfuata ofisi ya walimu, kitabu cha kiada mkononi, kidole kikiwa katikati ya kurasa. Akanong'ona, kwa adabu, "Naomba Mama unitazamie hapa."

Bi Wino hakutazama. "Hicho kitabu nimekiona kabla yako. Hilo ni kosa la chapa. Nimeliandikia pembeni, kwa mkono wangu."

"Lakini Mama, kabaila ni yule mtu mwenye..."

"Mwanangu." Sasa alipaza sauti, maana ofisi ilikuwa imejaa. "Nimeanza kufundisha hatua hizi za jamii wewe ungali unakula udongo. Leo unataka kunifundisha kunyonya?"

Walimu wakacheka. Mwalimu wa hesabu alicheka kuliko wote, kama kawaida yake, maana hucheka kwanza ndipo aulize kulikuwa na nini. Mgeni alikitoa kidole kitabuni, kurasa zikajifunga zenyewe.

Fomu ilijazwa siku hiyohiyo. Kwenye swali la saba, *Je, mwalimu anapendekezwa kuthibitishwa?*, Bi Wino alitia alama kwenye Hapana. Chini yake, penye Sababu, akaandika: *Hajui istilahi za msingi za somo lake. Ana tabia ya kuongeza herufi.* Mwalimu mkuu alitia saini akiwa amesimama mlangoni, kwani chokaa ilikuwa imekwisha na choo cha wasichana kilikuwa bado. Fomu ikaingia kwenye jalada, jalada kabatini, ufunguo mfukoni mwake.

Pengine hadithi ingeishia hapo, Mgeni akafunga sanduku na dunia ikaendelea kuzunguka. Lakini Bi Wino hakuridhika na ushindi usio na kiambatisho. Alitaka kumwonyesha mkaguzi ukurasa wa kamusi, kwamba neno hilo la Mgeni halimo kabisa.

Kamusi ya nyumbani kwake ilikuwa na kazi nyingine. Kwa miaka sita ilikuwa imebeba mguu mfupi wa meza ya chakula. Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, mumewe, fundi saa aliyestaafu macho yalipochoka, aliinua meza, yeye akainama kuichomoa.

"Polepole," mume alisema. "Hiyo ndiyo elimu pekee inayotusaidia humu ndani."

Akakaa, akavaa miwani, akafungua kwenye K.

Neno lilikuwepo. *Kabaila.* Mtu mkubwa mwenye ardhi nyingi, ambaye wengine humlimia. Akapeleka kidole hadi kwenye U, moyo ukianza kumtangulia. *Ukabaila* nalo lilikuwepo, limekaa juu ya ukabila kama mama na mwana, wala hawafanani. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Neno halikuona haya; lilikuwa palepale.

Bi Wino hakusomea Historia. Alisomea ushonaji. Miaka ishirini na miwili nyuma mzee wa Historia alistaafu, na mwalimu mkuu wa wakati ule akamkabidhi daftari la mzee na kumwambia, "Wewe unajua kusoma, si ndiyo?" Ndani mlikuwa na hatua nne za jamii: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari. Na chini yake: *makabaila walimiliki ardhi yote, na wasio na ardhi waliwalimia.* Yeye akacheka. Masikini mzee, mkono unamtetemeka. Makabila ni ngeli ya ma, basi si *walimiliki*, ni *yalimiliki*. Akanunua kalamu nyekundu, ya kwanza maishani mwake, akamsahihishia mzee daftari lote.

Halafu mtoto akamuuliza, mwalimu, imekuwaje baada ya utumwa yakaja makabila? Swali lilikuwa zuri na jibu hakuwa nalo, kwa hiyo akalishona. Akasema watumwa walipoachiwa hawakujua pa kwenda, kila mmoja akatafuta wanaosema lugha yake, na hapo ndipo makabila yalipoanza. Watoto walimsikiliza midomo wazi. Mwaka uliofuata aliongeza mto. Mwaka wa tatu, mto ukawa na mamba.

Ishirini na mbili mara sitini. Alipiga hesabu bila kutaka. Watoto elfu moja mia tatu na ishirini.

"Kuna nini?" mume akauliza. "Umesoma habari za msiba?"

"Kamusi ina habari za msiba?"

"Ulivyokaa, inayo."

Akamweleza. Mume alicheka mpaka akashika meza, na meza, isiyo na kamusi, ikamwinamia. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Ngoja kwanza. Kumbe umeniponza. Juzi kinyozini niliwapa watu hatua zote nne. Mmoja akabisha, nikamwambia mke wangu ndiye mkuu wa idara."

"Akasemaje?"

"Atasema nini? Alikuwa ameshikwa kichwa." Akamtazama mkewe, akaona hacheki. "Basi mama, kesho mwambie yule binti. Fomu si karatasi? Inachanwa."

"Nitamwambia."

Na kweli alikusudia. Alikusudia akila, akakusudia akioga, akakusudia njia nzima asubuhi ya Jumatano mpaka langoni. Uungwana ni mzigo mwepesi sana ukiwa bado hujaubeba.

Kikao cha asubuhi kilimkuta amekaa kwenye ncha ya kiti, maneno yako mdomoni. Mwalimu mkuu akamtangulia.

"Waheshimiwa, kesho ndiyo kesho. Nataka kila idara iige mfano wa Historia. Mama yetu hapa ameingia darasani, amekamata kosa, amelisahihisha palepale mbele ya watoto, na ameandika. Huo ndio usimamizi. Tumpigie makofi!"

Wakapiga. Mgeni naye alipiga, mikono ikikutana bila sauti. Bi Wino akasimama. Kila mtu akanyamaza kumsikiliza, na ukimya ule ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi kabisa. Mtu alihitaji kuinua mguu tu.

"Nashukuru," alisema, akakaa.

Tangu hapo alikuwa mwizi. Mchana aliwaagiza darasa lake, sita A, wamletee madaftari yote ya Historia, akajifungia nayo kwenye stoo ya ramani. Kalamu nyekundu aliiacha ofisini. Aliazima ya buluu kwa mwalimu wa hesabu, aliyempa huku akicheka.

Madaftari yalikuwa sitini na moja. Katika kila moja alitafuta *ukabila*, akatafuta *makabila*, na kati ya B na I akapenyeza A. Herufi nyembamba, iliyojibana kama mtu aliyechelewa msibani anayetafuta pa kukaa kwenye mkeka uliojaa. Daftari la kwanza, herufi kumi na moja. La pili, kumi na tatu. Huyo alikuwa mtoto mwenye bidii, na bidii yake ilimchoma zaidi. Walikuwa wameandika vizuri, maskini. Walikuwa wameandika kila alichosema, pamoja na mto, pamoja na mamba, na mmoja alikuwa amemchora mamba.

Kwenye daftari la msichana mmoja alikuta neno limeandikwa sawa tangu mwanzo. Huyo alikuwa na rafiki sita B. Juu ya ile A palikuwa na mkwaju mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko anaoujua: *Acha kuiga ujinga.* Bi Wino alikaa nalo mapajani. Mwisho akaandika A ya buluu juu ya ile aliyoikata, akafunga upesi, akaliweka chini kabisa ya rundo.

La kuvunda halina ubani, lakini hajawahi kutokea mwenye la kuvunda asiyejaribu ubani.

Alikuwa amefika la hamsini na kitu mlango ulipofunguliwa. Mgeni. Alisimama pale, akaona rundo, akaona kalamu ya buluu, akaona daftari lililo wazi na wino wenye unyevu. Bi Wino alilifunika kwa kiganja, na kiganja kikapata doa.

"Shikamoo, Mama. Nachukua ramani."

"Marahaba. Chukua."

Mgeni akachukua ramani, ya kwanza iliyomjia mkononi, akatoka. Mlango aliufunga taratibu, kwa mikono miwili, kama wa chumba cha mgonjwa. Angeubamiza ingekuwa nafuu.

Alhamisi walikuja wakaguzi wawili. Mmoja alikuwa mrefu na mwenye sauti, akazunguka na mwalimu mkuu akihesabu madawati na kusifu mawe. Wa pili alikuwa mwanamume mfupi, mpole, anayezungumza chini kama yuko kwenye nyumba ya matanga. Wazoefu humwogopa huyo. Mkali hupiga kelele akamaliza, mpole huandika.

Mpole aliomba madaftari ya sita A, akaomba na jalada, akaomba chai. Saa nne na nusu akawaita ofisini kwa mwalimu mkuu watu wawili wa idara ya Historia. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwepo, amesimama kando ya kabati lake kama aliyeajiriwa kulilinda.

"Kaeni, mama zangu. Mimi nimeletwa hapa na swali moja," mkaguzi alianza. "Kila mwaka kwenye mtihani wa mwisho kuna nafasi ya kujaza: hatua iliyofuata utumwa ni dash. Miaka mitatu nafuatilia. Watoto wa sita A wa shule hii, wote, jibu lao ni moja. Ukabila." Akanywa chai. "Sasa watoto wakikosa kila mmoja na lake, hiyo ni bahati yao mbaya. Wakikosa wote sawasawa, hao wamefundishwa, na wamefundishwa na mtu hodari."

Bi Wino aliangalia kucha zake.

"Leo nakuta madaftari yote yana *ukabaila*. Nikafurahi, nikasema shule imejirekebisha. Halafu nikasoma." Akafungua moja, akasoma polepole: "*Makabaila yalimiliki ardhi yote, na wasio na ardhi waliyalimia.* Mwalimu mkuu, hebu nisaidie. Kabaila ni mtu?"

"Ni mtu, mheshimiwa."

"Wakiwa wengi?"

"Ni... watu?"

"Mbona hapa *yalimiliki*? Kama magari. Kama mabakuli. Nimefungua kumi, yote *yalimiliki*. Watu gani hawa wasio na utu?"

Mwalimu mkuu akatabasamu, asijue kama ni mzaha. Lakini Bi Wino alielewa. Herufi mia saba alikuwa amezipenyeza kwa mkono wake, yeye aliyesahihisha kadi za watu za harusi, na hakuona *yali*. Jino la pembe si dawa ya pengo: alikuwa ametia jino na kusahau kwamba ulimi mzima umezoea pengo.

"Na hapa," mkaguzi aliendelea, sauti ikizidi kushuka, akifungua daftari lililotoka chini kabisa ya rundo, "herufi imeuawa kwa wino mwekundu, ikafufuliwa kwa buluu. Wino wa buluu ni mmoja madaftari yote, na mkono ni mmoja. Nani ametia herufi hizi?"

Nje mtu alikuwa anafagia.

Mkaguzi alisubiri, kisha akafungua jalada. Akasoma, akarudia kusoma, akamwinulia Mgeni macho. "Mwalimu, fomu ya mkuu wako wa idara inasema wewe una tabia ya kuongeza herufi."

Mgeni alitazama viatu vyake.

"Ni wewe?"

"Sina la kusema, mheshimiwa."

"Kuchezea madaftari ya wanafunzi kabla ya ukaguzi, kwa mwalimu aliye kwenye majaribio. Unajua maana yake?"

"Najua."

"Ndiyo maana, mheshimiwa," mwalimu mkuu aliruka kwa furaha ya mtu aliyeona moto unapita kwa jirani, "ndiyo maana sisi kama shule hatukumpendekeza!"

Bi Wino alisikia yote. Ilikuwa imejipanga yenyewe, bila yeye kusema uongo hata mmoja. Alichotakiwa kufanya ni kuendelea kutazama kucha. Imebaki miaka mitatu, akawaza, kisha wataniaga, watanipa zawadi, watasema maneno. Na alinyamaza. Si kidogo. Alinyamaza mpaka mkaguzi akaifunua kalamu, akaandika tarehe juu ya karatasi, akapiga mstari chini ya tarehe na kuuliza jina la mwalimu huyu linaandikwaje kwa ukamilifu. Mgeni akaanza kulitaja, herufi moja moja, kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa.

"Ni mimi," Bi Wino akasema.

Hakuna aliyesikia. Alikuwa amelisemea kifuani.

"Unasemaje, Mama?" mkaguzi akauliza.

Ikabidi aseme tena. Aibu ikisemwa mara moja huuma, ikirudiwa hutafuna. "Ni mimi. Herufi ni zangu. Na ukabila ni wangu. Huyu binti aliandika sawa ubaoni, nikamfutia, watoto wakamcheka. Akaniletea kitabu, nikamtukana mbele ya watu. Nilipojua, nikamwacha kwenye fomu, nikaja kujificha na madaftari." Akasimama, pasipo sababu, kama mwanafunzi. "Mimi nilisomea ushonaji, mheshimiwa."

"Lakini Mama!" mwalimu mkuu alilia. "Jana nilikupigia makofi!"

"Nilipokea," alisema Bi Wino.

Mkaguzi hakufoka. Angefoka, pangekuwa na kitu cha kukinga. Aliandika tu, mistari mingi, na kila alipofika mwisho wa mstari Bi Wino alidhani amemaliza. Mwishowe akaifunika kalamu.

"Cheo cha idara watakiamua wakubwa, na barua yako itakuja. Hii fomu imekufa. Nataka nyingine kabla sijaondoka saa tisa."

"Nitaijaza mimi mwenyewe," mwalimu mkuu akasema haraka.

"Hapana. Aliyepinda msumari ndiye aunyooshe."

Bi Wino na Mgeni walikaa ofisi ya walimu, wawili tu, fomu mpya kati yao. Wenzao walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba wana vipindi. Bi Wino aliandika kwa kalamu ya buluu ileile, kwa sababu nyekundu hakuweza kuishika. Swali la saba, Ndiyo. Sababu, akajaza mistari yote na kugeuza nyuma. Alipomaliza aliisukuma mbele.

"Soma, ndipo utie saini."

Mgeni alisoma bila haraka.

"Uliniona jana stoo," Bi Wino alisema. "Kwa nini hukusema kule ndani?"

"Jumanne nilikuja na kitabu mkononi, mbele ya ofisi nzima. Wakacheka. Leo ningekuja na nini? Na macho yangu?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi. "Mama, hapa umeandika, *amenyamaza kwa uvumilivu na heshima kwa wakubwa.*"

"Ndiyo. Ni kweli, si ndiyo?"

"Futa. Sikuwa na uvumilivu. Niliogopa."

Bi Wino alitaka kusema kwamba fomu haziandikwi hivyo. Miaka yote alijua fomu zinavyoandikwa. Akaivuta karatasi, akakata mstari ule, na juu yake akaandika: *Alinyamaza kwa sababu mkuu wake wa idara alimwogopesha.* Chini ya maneno hayo palikuwa na nafasi ya saini ya mtathmini. Ilikuwa nafasi ndefu, na jina lake lilitosha.

Mgeni naye akatia saini. Hakusema asante, wala Bi Wino hakuitegemea.

"Kipindi hiki ni chako, sita A," Mgeni alisema, akikusanya vitu vyake. "Wana mtihani mwezi ujao. Utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

"Wewe utawaambia vizuri zaidi."

"Najua." Akasubiri, begi begani.

Bi Wino akainuka. Korido haikuwahi kuwa ndefu vile. Aliposukuma mlango, sitini na moja wakasimama kwa mpigo, viti vikalia, "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Wakakaa. Alisimama mbele yao, akitafuta pa kuanzia. Nao walikuwa wameshafungua madaftari, vichwa vimeinama kidogo, kalamu mkononi, tayari kuandika chochote atakachosema.